Mama Viraka na Darasa la Mumewe

Siku mumewe alipofariki, Mama Viraka alimaliza upindo kwanza.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa kwenye cherehani yake, katika kile chumba kidogo nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, na shuka ya wodi ya watoto ilikuwa imebakisha kama nusu mita kufika ukingoni. Akasikia watu wanaita kutoka upande wa mashine za kukaushia. Sasa, watu wa kufulia huita kutwa nzima: nani kaacha kalamu mfukoni, nani kachanganya blanketi la rangi na gauni za upasuaji. Akadhani ni yale yale. Akafika mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akatoka. Akamkuta mumewe amelazwa juu ya meza ndefu ya kukunjia, na mpiga pasi, mzee aliyekuwa na miaka mingi mle ndani kuliko wote, anamfungua vifungo vya shati. Daktari hakuwa mbali, hospitali ni yao. Lakini moyo ulikuwa umeshakata shauri.

Msibani watu walimtazama wakingoja alie. Hakulia. Wengine wakasema bado hajaamini, wengine wakasema huyu ana roho ngumu, na wifi yake akasema kwa sauti ya chini, isiyokuwa ya chini sana, kwamba kuna wake na kuna wapangaji. Yeye mwenyewe aliyasikia yote. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona kabisa ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Jina la Mama Viraka alipewa na wafuaji, na lilimkaa kiasi kwamba hata wauguzi wakuu walimwita hivyo bila kucheka. Kazi yake ilikuwa kushona kila kilichochanika hospitalini: shuka, foronya, mapazia, gauni za wagonjwa zinazofungwa kwa nyuma na ambazo kamba zake hukatika kana kwamba ndiyo kazi ziliyotumwa. Alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Mumewe aliingia baada yake, akaanza kwa kusukuma matoroli ya nguo chafu, akapanda taratibu hadi akawa mkuu wa kufulia. Kwa hiyo kazini alikuwa bosi wake, na nyumbani alikuwa mtu asiyejua soksi zake ziko wapi.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, mume huyo alijiandikisha chuo kikuu. Alisoma kwa masafa, stashahada ya uzamili ya Usimamizi Bunifu na Endelevu. Jina hilo alilitaja zima kila mara, hakulifupisha, kama mtu anayetaja ukoo wake mbele ya wakwe. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba itateua msimamizi mmoja wa huduma zote zisizo za tiba, na yeye aliona nafasi ile ikimwangalia. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alikaa kwenye meza ya kulia, akavaa visikizi, akafungua kompyuta. Binti yao, aliyekuwa sekondari, alikiita kipindi hicho "usimamizi wa jina refu," na alijua kwamba kwa saa mbili zile haruhusiwi hata kukoroga chai kwa nguvu.

Wiki mbili baada ya mazishi, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kumsaidia kupanga karatasi. Alikuwa mtu mwema na mwenye mpangilio. Aliandika orodha: benki, kazini, mfuko wa pensheni, chuo. Yale matatu ya mwanzo akayabeba yeye.

"Hili la chuo, shemeji, ni barua pepe moja tu," alisema. "Waandikie waondoe jina lake. Utaweza?"

Alisema ataweza. Na alikuwa amekusudia kweli. Jumamosi iliyofuata aliketi kwenye ile meza, akafungua kompyuta kwa neno la siri ambalo nyumba nzima ililijua, akatafuta mahali pa kuandika. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Katikati ya kioo kukajitokeza kitufe cha kijani: kipindi kimeanza. Akakibonyeza, akidhani ndipo penyewe.

Sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni. Ilikuwa ya mhadhiri, ambaye wanafunzi wake, watu wazima, wengine wenye wajukuu, walimwita mwalimu. Alikuwa anawakaribisha mmoja mmoja.

"Dobi Mkuu naye huyo kaingia," ilisema ile sauti. "Tulikukosa wiki mbili, Dobi. Uko nasi?"

Kamera ilikuwa imezimwa. Marehemu hakuwahi kuiwasha hata siku moja, maana mtandao wa mtaa wao ulikuwa wa kubembeleza, na hata kusema alisema kwa nadra, zaidi aliandika. Mama Viraka alitazama kile kisanduku chembamba cha kuandikia. Vidole vyake vikaandika neno moja, "Nipo," vikalituma.

Halikuwa neno la uongo. Alikuwepo. Na lugha yetu haimuulizi mtu ni mume au ni mke. "Nipo" ni ya yeyote mwenye pumzi. Mwalimu akasema vizuri, akaendelea na somo. Somo la siku hiyo lilihusu namna kazi inavyozalisha taka bila mtu yeyote kukusudia. Mama Viraka akalisikiliza mpaka mwisho. Hakuelewa hata nusu yake. Lakini kwa saa mbili hakuna aliyemwambia pole, na hilo peke yake lilimfanya arudi Jumamosi ya pili, na ya tatu.

Barua pepe ya kumwondoa marehemu haikuandikwa. Shemeji alipouliza, alijibiwa kwamba inashughulikiwa.

Katikati ya wiki, akitoka kazini, alianza kufungua vipindi vya nyuma vilivyorekodiwa. Alijiambia ni ili aelewe. Katika kipindi cha wiki ya tatu alikutana na sauti ya mumewe. Mwalimu alikuwa amemuuliza swali, na yeye akajibu: "Samahani mwalimu, mtandao wangu unakata." Basi. Hakuna zaidi. Mama Viraka akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, na mara ya tatu. Alingoja kitu kimpande kifuani. Akaona tu kwamba birika limechemka, akaenda kulizima.

Darasa liligawanywa katika vikundi vya watu watatu. Wenzake Dobi Mkuu walikuwa meneja wa hoteli, mwanamke wa maneno ya haraka ambaye wote walimwita Mama Hoteli, na mwanamume mwenye kitalu cha miti, Bwana Miche, aliyeandika ujumbe mrefu kama barua za zamani, na salamu kwanza. Kikundi kilipaswa kutoa kazi moja: kila mmoja achunguze kitu kinachotupwa mahali pake pa kazi, aeleze kwa nini kinatupwa, na apendekeze namna ya kusimamia jambo hilo upya. Mama Hoteli alichukua taulo. Bwana Miche alichukua vifuko vya plastiki vya kuoteshea. Dobi Mkuu, kabla hajafa, alikuwa ameshajiandikisha kwa shuka.

Mama Viraka akalitafuta faili lake, akalipata. Lilikuwa na kurasa mbili na nusu. Maneno yalikuwa ya kitabu, mazito, yamefuatana kama matoroli. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya mapendekezo: kubadilisha sabuni, kubadilisha saa za kufua, na la tatu liliandikwa hivi: "Kitengo cha ushonaji: kifungwe? Kuuliza kwanza."

Kitengo cha ushonaji kilikuwa na mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa anasoma.

Alilisoma pendekezo hilo kama mtu anavyosoma tangazo la kukatika kwa maji: lini, kwa muda gani, na ndoo ziko wapi. Akajiuliza mumewe alitaka kumuuliza nani. Yeye? Mkurugenzi? Mwalimu? Walikuwa wamekula meza moja kila siku ya Mungu, na hakuulizwa. Labda alikuwa anangoja wakati mzuri. Wanaume wengi hungoja wakati mzuri hadi wakati wenyewe ukawachoka. Mtu mwingine angekasirika, mwingine angelia. Mama Viraka alijitafuta ndani kama anayepapasa mfuko wa koti, akakuta hamna kitu.

Alichofanya ni kufuta kurasa mbili na nusu na kuanza upya.

Aliandika kwa jioni nne, kwa vidole viwili, jinsi ambavyo angemweleza mshonaji mgeni. Aliandika kwamba shuka huzeeka katikati kwanza, pale kiuno cha mgonjwa kinapolala, na kwamba kingo zake hubaki mpya. Hospitali huitupa shuka nzima kwa sababu ya kati yake. Ukiipasua kwa urefu, ukageuza kingo zikakutana, ukazishona kwa mshono bapa usiomchoma mgonjwa, umepata shuka ya miaka mingine miwili. Hilo alikuwa akilifanya siku zote kwa zile zilizomfikia, bila kuambiwa na mtu. Kisha akaandika jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Shuka za wodi ya mifupa hazizeeki kama za wengine. Zinachanika pembeni, daima upande mmoja, mpasuko mrefu kiasi cha shibiri. Vitanda vya wodi ile vina ndoano za chuma za kuning'inizia vizito vya miguu, na muuguzi anapovuta shuka kwa haraka ndoano inaila. Yeye amezishona shuka hizo kwa miaka. Dawa yake, aliandika, haimo kwenye sindano. Imo kwenye kitanda. Anayeshona haendi wodini, na anayekwenda wodini haoni kinachoshonwa, na kati ya hao wawili kuna mlango tu.

Ndani ya kundi lao la simu, Mama Hoteli alibishana naye kuhusu taulo, akisema wageni hawataki kuona viraka, na Mama Viraka, kwa simu ya marehemu, alimjibu kwamba mgeni haoni kiraka, huona kiraka kibaya. Bwana Miche alicheka kwa maandishi, na kesho yake naye akabishana naye kuhusu vifuko vyake. Kazi ikatumwa siku mbili kabla ya tarehe.

Jibu lilikuja baada ya wiki. Alama zilikuwa sabini na nane, na chini yake mwalimu alikuwa ameandika mwenyewe: "Hongera, Dobi. Muhula mzima umekuwa ukiniandikia kama kitabu. Safari hii umeniandikia kama mtu aliyeshika shuka mkononi. Naomba Jumamosi usome sehemu yako mbele ya darasa."

Mama Viraka aliufunga ujumbe huo, akaosha vyombo, akaufungua tena. Haukuwa umebadilika.

Siku iliyofuata alimwonyesha mpiga pasi. Hakujua kwa nini yeye. Labda kwa sababu ndiye aliyemfungua mumewe vifungo. Mzee alivaa miwani, akasoma polepole huku midomo ikitembea, mvuke wa pasi ukimpita usoni.

"Kwa hiyo marehemu kafaulu," alisema mwishowe. "Huko aliko watakuwa wanamwogopa."

Mama Viraka hakucheka, lakini hakuchukia. Mzee akaipindua foronya, akapiga pasi upande wa pili.

"Mwambie mwalimu wako kabla mwalimu wako hajakwambia," akasema. "Aibu ukiifungulia mlango mwenyewe huingia kwa adabu. Jikaze kisabuni, binti yangu. Sisi hapa sabuni tunayo."

Jumamosi ilipofika, alivaa gauni lake la kazini, lile la bluu, kwa sababu lilikuwa limepigwa pasi. Binti yake alikuwa jikoni anamenya viazi. Saa kumi kamili Mama Viraka aliingia darasani, na kwa mara ya kwanza akabonyeza alama ya kamera. Akajiona kwenye kisanduku kidogo, chini yake limeandikwa jina la mumewe.

"Dobi Mkuu, leo tumebahatika kukuo..." mwalimu alianza.

"Samahani mwalimu," alisema Mama Viraka. Sauti yake ilitoka sawasawa, kama anayetaja idadi ya shuka. "Mimi ni mke wake. Mume wangu alifariki, ni wiki ya kumi na tatu sasa. Ile kazi ya shuka niliiandika mimi. Jumamosi zote hizi nimekuwa naingia mimi."

Watu ishirini na kitu walikuwa kwenye vile visanduku. Mama Hoteli aliweka kiganja mdomoni. Mtu mmoja aliyekuwa anakula akaacha kutafuna. Aliyesema kwanza ni Bwana Miche, na alionekana kweli anataka kujua.

"Kwa hiyo yule niliyekuwa nabishana naye kuhusu vifuko vyangu alikuwa nani?"

"Mimi."

"Na siku ile ya viraka vya taulo?"

"Mimi pia."

"Basi pole sana, dada," alisema Bwana Miche. "Pole kwa msiba. Na kwa taarifa yako, kuhusu vifuko ulikuwa sahihi."

Mwalimu alimwomba asikae mbali na simu, akawaomba wengine radhi, akakifunga kipindi mapema. Kisha akampigia simu. Hakumgombeza. Aliuliza alifariki vipi, akauliza mtoto yukoje, ndipo akasema yaliyokuwa lazima ayaseme: kwamba jambo hili litafika kwenye kamati, kwamba kazi ya mtu mmoja haiwezi kusimama kwa jina la mwingine, hata wakiwa wamelala kitanda kimoja. Mama Viraka alisema anaelewa. Na alielewa, hospitali nayo haimpi mgonjwa damu kwa kadi ya jirani.

Alipoweka simu chini, binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha viazi mkononi.

"Nilidhani unamsikiliza Baba," alisema binti. "Zile rekodi. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Alikuwamo. Mara moja tu."

"Alisema nini?"

"Alisema mtandao unakata."

Binti akatabasamu kidogo, kisha uso ukamvunjika, akalia pale pale mlangoni. Mama yake akamkumbatia na kumpiga mgongo taratibu kama mtu anayetoa vumbi kwenye mto. Alijua hivyo ndivyo inavyofanywa. Akaangalia juu ya bega la mtoto, akaona viazi vimebaki vinne.

Kamati ilichukua muda wake. Barua iliyokuja ilikuwa fupi: alama za kazi ile zimefutwa, jina la mwanafunzi limeondolewa kwa sababu ya kifo, na familia iwasilishe cheti. Hakukuwa na adhabu zaidi, kwa kuwa mkosaji hakuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hakuwa na la kujibu. Waliobaki kwenye kikundi walipewa siku kumi waifanye kazi upya wakiwa wawili. Mama Hoteli, aliyekuwa ameshapanga likizo, alimwandikia ujumbe mmoja: "Nakupa pole kutoka moyoni. Lakini umenirudisha nyuma, na sitaki kusema uongo kwamba sijakasirika." Mama Viraka akaona ni ujumbe wa haki. Akajibu, "Una sababu."

Shemeji aliposikia, alikaa kitini akiuzungusha ufunguo wa pikipiki yake kidoleni.

"Shemeji, nilikwambia barua pepe moja tu," alisema.

"Uliniambia."

"Sasa kaka yangu watu watamkumbuka kama nani?"

Swali hilo alilichukua na kwenda nalo kazini. Alilifikiria akipachika kamba za gauni. Wale wa darasani watamkumbuka kama mtu mkimya mwenye mtandao mbovu aliyekufa bila wao kujua. Wafuaji watamkumbuka kwa mluzi wake na kwa kupenda mihuri. Yeye mwenyewe angemkumbuka vipi, hilo hakulijua bado. Kila alipomwendea kwa mawazo, alimkuta amelala kwenye meza ya kukunjia, na kila alipomsogelea zaidi, mbele yake kulitokea ile alama ya kuuliza aliyoiandika marehemu. Kifungwe? Alishona kamba thelathini na sita siku hiyo, na hakuna iliyokwenda kombo.

Mwalimu alipiga simu tena wakati muhula ulipokwisha. Alisema chuo kina mlango mwingine, wa watu wenye kazi ya miaka mingi mikononi hata kama hawana shahada ya kwanza. Wanaandika walichofanya, wanahojiwa, na wakionekana wanaweza, wanaingia. Alisema hasemi hivi kwa huruma. Mama Viraka alikuwa na stashahada ya ushonaji na miaka ishirini na miwili ya shuka.

"Lakini utaanza mwanzo," mwalimu alisema. "Vipindi vile vile, na sauti yangu ile ile. Unataka?"

Alitaka kusema hajui kama kuna kitu anachokitaka. Badala yake alisema atajaza fomu, kwa sababu fomu ni kitu kinachojazwa. Aliijaza siku ya mapumziko, kwenye meza ya kulia, kwa kalamu kwanza ndipo kwenye kompyuta. Palipoandikwa "Sababu ya kutaka kusoma" alikaa sana. Mwisho akaandika: "Nilianza, nikaona nimalize." Binti alisema jibu hilo ni fupi mno, watamkataa. Hawakumkataa. Kwenye mahojiano walimuuliza mambo ya wodi ya mifupa kwa dakika arobaini, na mmoja wa wahojaji, mzee mwenye mvi, alitaka kujua mshono bapa unashonwaje, hata akatoa leso yake aonyeshwe mbele ya kamera.

Basi akawa mwanafunzi kwa jina lake. Wafuaji walimfanyia sherehe ndogo ya soda, na mpiga pasi akatoa hotuba kwamba sasa viraka vimekuwa vya uzamili. Mkuu mpya wa kufulia, kijana mpole aliyehamishwa kutoka hospitali nyingine, alimwogopa kidogo. Hakuna aliyezungumza juu ya kufunga kitengo, wala hakuna aliyejua kama kuna mtu aliyewahi kulifikiria, isipokuwa yeye.

Mazoezi ya moduli ya kwanza yalimtaka atoke kwenye eneo lake la kazi na kuona eneo la jirani. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mama Viraka alivuka ule mlango na kwenda wodi ya mifupa akiwa na daftari. Alikaa siku tatu. Aliona ndoano zenyewe, kumbe zilikuwa kali kuliko alivyodhani, na aliwaona wauguzi wakivuta. Alizungumza na fundi wa vitanda, aliyemwambia hajawahi kupata malalamiko ya shuka, maana shuka hazilalamiki kwake. Wakakata mpira wa bomba la zamani vipande vidogo, wakazivisha ndoano za vitanda sita kofia. Mgonjwa mmoja, dereva wa lori mwenye mguu uliovutwa juu kwa kizito, aliwatazama mwanzo hadi mwisho.

"Mama, mnavalisha kitanda viatu?" aliuliza.

"Kofia," alisema Mama Viraka.

"Mimi niliyevunjika sina hata soksi, kitanda kina kofia." Akaguna. "Haya. Dunia ina wenyewe."

Muuguzi alicheka. Mama Viraka akaandika: kitanda cha kwanza hadi cha sita, tarehe, saa. Katika wiki nne zilizofuata, kutoka vitanda vile sita, meza yake ya kushonea ilipokea shuka moja tu iliyopasuka pembeni. Aliandika na hilo. Akatuma kazi yake ya kwanza akiwa na jina lake juu kabisa ya ukurasa.

Alama zilirudi Jumapili alasiri. Binti alikuwa anaandaa meza, na yeye alikuwa anafuta kioo cha kompyuta kwa pindo la kanga ujumbe ulipoingia. Sitini na moja. Na maelezo chini yake: "Uchunguzi mzuri sana. Lakini kazi ni fupi, na hakuna rejea hata moja. Uzoefu wako hauwezi kusimama peke yake."

Akasoma tena. Sitini na moja.

"Umefaulu?" aliuliza binti.

"Nimefaulu."

"Hongera, Mama."

"Sitini na moja," alisema Mama Viraka. "Hauwezi kusimama peke yake. Anajua nimesimama peke yangu miaka mingapi?"

Binti akainua macho. Ilikuwa karibu mwaka mzima hajaisikia sauti hiyo. Mama yake alikuwa amesimama, ameshika kiuno, masikio yamemwiva. Akatembea hadi dirishani, akarudi. Akasema ndoano zipo, shuka zipo, vitanda vipo, aende mtu akavihesabu. Akasema kitabu gani kimewahi kulala wodi ya mifupa. Akasema mengine ambayo si ya kuandikwa, na alipomaliza alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi.

Kisha akakaa, akaivuta kompyuta karibu, akaandika kwa vidole viwili: "Mwalimu, shikamoo. Naomba unieleze rejea zinatafutwa wapi, na kwa nini sitini na moja."

"Mama, chakula kinapoa," alisema binti.

"Kifunike," alisema, bila kuinua kichwa. "Hapa nina ugomvi."